Saba Iliyoinama ya Alonzo Tate

Benchi letu liko Barabara ya Baldwin, hapa Pontiac, nje ya duka la donati ambalo zamani lilikuwa la kinyozi. Wenyewe ni wastaafu wa kiwanda cha magari ambacho siku hizi ni uwanja wa nyasi. Jaji, jina lake halisi Roosevelt, hukaa kushoto; aliwahi kuwa mtetezi wa wafanyakazi na hajaacha kuhukumu. Shemasi hukaa katikati na methali zake, ambazo ni nyingi kuliko mahali pa kuzitumia. Valvu, ambaye jina lake halisi ni Cleophus Tate, hukaa upande wa barabara. Mimi ni mjukuu wa Jaji. Kwa kuwa nilisomea uhandisi wa metali wananiita Injinia, na kazi yangu ni kumimina kahawa kutoka chupa ya babu, maana kahawa ya duka la donati wanasema ni maji ya rejeta. Jumamosi hiyo ya Oktoba kulikuwa na gari aina ya GTO, la kijani, la mwaka 1969, mbele yetu, boneti juu. Lilikuwa gari la Alonzo, mdogo wake Valvu, tuliyemzika mwezi wa nne.

Alonzo alikuwa mgonga namba. Kila injini iliyoingia kwenye gari aliigonga namba za gari hilo kwa chapa za chuma na nyundo. Alikuwa akisema kwamba GTO yake aliiagiza mwenyewe, akaisubiri ifike kwenye mstari wa kuunganishia magari, akaigonga injini yake kwa mkono wake. Alipofika namba ya mwisho, saba, mtu alimwita kwa jina, akageuka, saba ikainama. Benchi lilimcheka kwa habari hiyo mpaka akazeeka. Aliyecheka zaidi ni kaka yake. Gari liliuzwa mapema, kazi zilipopungua, kwa hiyo hakuwa na cha kuwaonyesha. Baada ya mazishi Valvu alilitafuta hadi akalipata jimbo jirani la Ohio, kwenye ghala la mahindi. Namba ya gari, ile ya kwenye dashibodi, ilikuwa yenyewe. Ilibaki injini: kama ni ile ya kwanza, ina saba iliyoinama, na marehemu alisema kweli. Asubuhi hiyo Earlene, mjane wake, alikuwa anakuja kujionea.

Ila pale mbele ya bloku, yaani mwili wa injini, mahali pa namba, hapakuwa na namba.

Jaji: Nasema tena. Pasipo na namba hapana ushahidi.

Valvu: Bloku ni ya aina yake. Tarehe ya kumiminwa chuma chake iko kule nyuma, na inaingiana na gari.

Jaji: Tarehe inakwambia ukoo. Haikwambii mtoto wa nani.

Shemasi: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Injini imetembea mpaka Ohio. Jibu mnalo.

Jaji: Gari zima lilikwenda Ohio, Shemasi. Ulitaka injini ibaki hapa inakula donati?

Shemasi: Mimi nimetoa neno. Wa kulielewa ataelewa.

Jaji: Sikilizeni. Injini ya kwanza iliungua. Kiwanda kikaleta bloku ya akiba, na bloku za akiba zilikuja tupu, bila namba. Basi. Kesi imefungwa.

Valvu: Inawezekana.

Shemasi: Au wezi. Waliiba injini, wakafuta namba, halafu dhamiri ikawasuta, wakairudisha kwenye gari lilelile.

Jaji: Wezi wa wapi hao wenye dhamiri na winchi?

Shemasi: Wa Toledo, hukohuko Ohio. Toledo wanasali sana.

Valvu: Inawezekana pia.

Hapo nilimtazama Valvu. Mtu huyu huwa hakubali hata hali ya hewa bila kubishana. Leo alikuwa anakubali kila kitu.

Jaji: Mimi nilisikia kuna tajiri kule anakusanya namba. Anazinyoa kwenye bloku, anazitundika ukutani kama pembe za swala.

Shemasi: Huyo si kitu. Mnamkumbuka yule msimamizi wetu mwenye masharubu? Alimchukia Alonzo. Nasema alilifuata hilo gari Ohio, akaingia ghalani kinyemela, akaifuta saba kwa wivu. Mvumilivu hula mbivu.

Jaji: Yule alikufa kabla gari halijauzwa.

Shemasi: Ndiyo maana hakuonekana.

Valvu alicheka. Alicheka kwa muda mrefu kuliko mzaha wenyewe, kisha akaacha ghafla.

Niliweka chupa chini, nikaenda kuinama kwenye boneti. Kisu cha mashine ya kiwandani, kinachosawazisha bloku, huacha mistari iliyonyooka, myembamba, kama nywele zilizochanwa. Hapa mistari ilizunguka. Chuma kilikuwa cheupe, hakina doa la kutu, na chuma cha namna hiyo hakilali nje siku mbili za Oktoba bila kuota kutu. Niligeuka, macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye kucha za Valvu. Zilikuwa na vumbi jeusi. Nilirudi kumimina kahawa, nikalimwagia goti la Shemasi.

Shemasi: Pole pole, Injinia. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya ya moto.

Earlene alikuja kwa miguu, amevaa jaketi la kazini la Alonzo, pai ya viazi vitamu mkononi. Alimpa babu pai, akatoa miwani, akaifuta kwa ukingo wa mkono wa jaketi, akainama.

Earlene: Mbona panang'aa?

Jaji: Ni habari ndefu, dada. Kuna tajiri mmoja wa Toledo...

Earlene: Sijauliza Toledo, Roosevelt. Juzi Cleophus alinionyesha hapa. Palikuwa na rangi, na grisi imeganda kama lami. Nani amepasugua?

Shemasi: Lisemwalo lipo, na kama halipo...

Akaanza kujifuta goti lililolowa kahawa.

Valvu: Mimi, shemeji. Jana. Nilitaka ukifika uione vizuri, usihangaike. Nilianza na kitambaa na mafuta ya taa, nikaona inachelewa. Nikachukua mashine ya msasa. Nikasema naigusa kidogo tu.

Jaji: Cleophus.

Valvu: Najua.

Jaji: Maisha yote kiwandani. Pale hapaguswi hata na brashi ya waya.

Valvu: Najua, Roosevelt. Unadhani sijui?

Shemasi: Polisi wana asidi. Wanapaka kwenye bunduki iliyofutwa, namba inarudi. Si ndiyo, Injinia?

Wote wakanigeukia, hata Earlene. Nilirudi kwenye injini, nikapitisha ukucha pale. Nyundo huacha jeraha chini ya namba, na asidi huweza kuliamsha, lakini jeraha lina kina chake, na chuma cha kumimina hakilitunzi vizuri. Pale palikuwa pamebonyea kama kijiko; msasa ulikuwa umepita kina hicho. Nilitafuta namna ya kulieleza hilo kwa upole.

Nikasema: Sidhani, bibi.

Earlene: Haya. Basi niambie kitu kimoja, Cleophus. Rangi ilipotoka, kabla chuma hakijawa kitupu. Uliiona saba?

Angeweza kusema ndiyo. Sote tulitaka aseme ndiyo. Babu yangu, ambaye hajawahi kumvumilia shahidi wa uongo, alikuwa amemkazia macho kama mtu anayeomba. Valvu alifungua mdomo. Alitazama jaketi la mdogo wake, halafu akatazama kucha zake.

Valvu: Sikuwa nimevaa miwani.

Earlene aliinama tena, akapatazama pale mahali kwa utulivu, kama mtu anayesoma. Kisha akavua miwani yake na kushusha boneti, polepole, mpaka ikalia kidogo. Hakuna aliyeinuka kumsaidia.

Jaji alikohoa.

Jaji: Kwa upande wangu, Earlene, nasema Alonzo hakuwa mwongo.

Earlene: Hilo ungemwambia yeye.

Alishuka na barabara ya Baldwin bila kugeuka, mikono ndani ya mifuko ya jaketi. Pai ilibaki mapajani mwa babu, haijafunuliwa. Baada ya muda Valvu alininyooshea kikombe bila kunitazama. Niliinamisha chupa, nikaishikilia hivyo nikisubiri, lakini hakikutoka kitu.