Redieta Inayokoroma

Theluji ilidondoka polepole juu ya jiji la Chisinau, na ndani ya basi la umeme kila abiria alikuwa nusu ndotoni. Ilarion, fundi wa mabomba, alisinzia na mfuko wa spana magotini hadi bibi aliyeketi ubavuni pake alipomgusa.

"Mwanangu, wewe fundi? Redieta yangu ya kupashia nyumba joto inakoroma."

"Hewa hiyo, mama. Presha ya maji ikishuka, hewa inapanda juu na kuzuia maji ya moto yasizunguke. Unakaa ghorofa ya mwisho?"

"Ya tano. Wa chini wanaganda, wananigongea bomba kwa vijiko. Wanataka nifungue koki hewa itoke."

"Si ufungue! Koki ya kutolea hewa ya nyumba zote za ngazi yenu iko kwako."

"Inakoroma kama mume wangu Anisim. Nilimzika mwezi wa kumi. Tangu joto liwashwe na ianze kukoroma, ndipo napata usingizi."

Ilarion, ambaye upande mmoja wa kitanda chake pia ulikuwa mtupu, alicheka taratibu. "Kwa hiyo marehemu anawagandisha majirani?"

"Hata akiwa hai hakuwahi kumpasha mtu joto!" Bibi naye akacheka, kisha sauti ikamshuka. "Ila ghorofa ya tatu kuna kichanga. Namsikia akilia."

Vioo vilikuwa vyeupe kwa mvuke, na basi lilielea kana kwamba halina magurudumu.

"Mwanangu, hewa haiwezi kutolewa nusu, ikabaki ya kukoroma kidogo?"

Ilarion alikuwa amefungua koki za nusu ya mji, lakini swali hilo hakuwahi kuulizwa. Akafumbua kinywa. Breki zikalia, mlango ukafunguka, na baridi ikaingia kabla ya jibu.