Mguu Uliokataa Kuinuka

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Najua hapa Riyadh tunasema amina kwa sauti ya chini, kwa sababu ya majirani. Lakini leo nikipaza kidogo mnisamehe. Mtu aliyetazama matumbo ya farasi kutoka chini, tena farasi wazima wakiwa hewani, hawezi kunong'ona!

Wengi mnaniita yule kaka mfupi wa farasi. Ndiyo, mimi ni joki. Nyumbani Kenya nilianza kwa kuosha farasi, nikapanda, mpaka bosi mmoja wa hapa akanileta. Huyu bosi wangu anapenda mbio za kuruka viunzi kuliko chakula. Amejenga viunzi vya miti na matawi shambani kwake, na rafiki yake wa Jeddah naye amejenga vyake. Basi wanashindana wao wawili, na sisi majoki ndio tunaovunjika mbavu!

Ndugu zangu, adui wa joki si kiunzi. Ni mizani. Kabla ya mbio za Jeddah bosi aliniambia wazi: "Ukizidi uzito, halas, namleta mwingine, wewe rudi kwenu." Ikama yangu, kibali cha kukaa hapa, iko mkononi mwake. Nami nilikuwa nimezidi, wali wa kabsa ulikuwa umenishinda.

Basi nikafanya tunavyofanya majoki wote. Nilinunua koti la mvua pale sokoni Batha. Mwenye duka alicheka sana, mvua gani Riyadh? Siku ya mbio, kule Jeddah, nikavaa lile koti juu ya sweta mbili, nikajifungia ndani ya gari juani, vioo juu. Jasho likatiririka. Maji sikugusa, hata ya kusukutua. Rafiki yangu Kato, Mganda anayepanda farasi wa rafiki ya bosi, aligonga kioo akasema, "We ndugu, unajipika!" Nikamwonyesha dole gumba. Nikapanda mizani, uzito ukakubali. Nikashukuru Mungu, mjinga mimi!

Mbio zikaanza. Nilikuwa juu ya Najma, jike mweusi mwenye roho safi, na tulikuwa mbele ya wote. Tulipokaribia kiunzi kikubwa, mguu wangu wa kulia ukakakamaa kwa kukosa maji. Jamani! Msuli ulijifunga ukawa gogo la mti. Kikuku cha tandiko kikanitoka mguuni, Najma akaruka, nami nikaruka kivyangu. Niliangukia ng'ambo, chini kabisa ya kile kiunzi.

Sasa sikilizeni. Joki anayekuja nyuma haoni ng'ambo ya kiunzi. Anaona matawi na mbingu, basi. Nilisikia kwato zinakuja, ardhi inatetemeka mpaka kwenye meno yangu. Kila joki hufundishwa: ukianguka, jikunje, usiinuke. Nani alikumbuka? Hofu ilinishika, nikataka kusimama nikimbie. Nikalia, "Yesu, inua huu mguu! Inua mguu!"

Mguu ukakataa!

Nilivuta, nikausukuma kwa mikono, wapi! Nikaanguka chali, na papo hapo jua likazimika. Farasi wa kwanza alipita juu yangu. Wa pili. Wakaja wengine pamoja, mchanga ukanijaa kinywani, ukwato mmoja ukachana mkono wa shati langu. Shati, ndugu zangu! Ngozi haikuguswa!

Kato aliruka kutoka kwa farasi wake akanijia mbio. Alinishika kola, analia, ananigombeza kwa Kiganda. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Ungesimama tu, kwato za farasi wangu zingekukuta kifuani!" Hapo ndipo nilipoelewa.

Na bosi? Alikuja amepauka. Alipoliona lile koti ndani ya gari alilirarua kwa mikono yake. "Nilitaka kilo," akasema, "sikutaka maiti." Ikama yangu ameihuisha. Sasa nawafundisha farasi wachanga kuruka, na mizani sipandi tena.

Nimekuja kumshukuru Mungu kwa ombi alilonikatalia. Dada yangu, unamwomba kafili, mwajiri wako, akuachie uhame, na bado anakataa. Kaka yangu, umefunga na kuomba, mlango haufunguki. Sikwambii nyamaza, lia! Mimi nililia. Lakini mtegemee. Sisi tunaona matawi na mbingu, yeye yuko ng'ambo ya kiunzi, anaona kinachokuja.

Haya, nani ana maji hapo? Nipeni, ndugu zangu. Siku hizi sikatai.