Bi Mwanakheri na Mkate Wake wa Jumatatu

Tunamshukuru Mola aliyetupa Bi Mwanakheri tukaishi naye, na kwake tumemrudisha. Haya ni machache katika mengi ya maisha yake.

Marehemu Bi Mwanakheri Simai Jaku alizaliwa Makunduchi tarehe 4 Machi 1960, mtoto wa pili wa Mzee Simai Jaku, mkulima wa muhogo, na Bi Maisara Shaame. Mama yake ndiye aliyemfundisha mkate wa kumimina: mchele uliorowekwa, tui zito, hiliki, na makaa juu na chini ya sufuria.

Alisoma Kurani chuoni, na skuli ya msingi huko huko Makunduchi. Mwaka 1975 alihamia Ng'ambo, mjini Unguja, kwa shangazi yake, akaendelea na masomo hadi kidato cha tatu. Hesabu hakuipenda, na hakuificha siri hiyo.

Tarehe 20 Agosti 1982 aliolewa na Bwana Hafiz Wakil, fundi cherahani. Mkate wa kwanza aliompikia mumewe uliungua chini. Bwana Hafiz alikwangua weusi kwa kisu, akaula wote, kisha akauliza kama upo mwingine. Bi Mwanakheri alikuwa akisema kwamba siku ile ndiyo alijua ameolewa na mtu wa kuishi naye.

Mwaka mmoja kabla ya ndoa, 1981, aliajiriwa chumba cha dobi cha hospitali moja ya mjini, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 2020. Kazi ile ni ya joto na mvuke, na shuka za wagonjwa hukunjwa na watu wawili, kila mmoja ameshika pembe zake. Mwaka 2004 zilipotea shuka mpya, na maneno yakamwangukia Tahiya, mfanyakazi mgeni aliyekuwa mjane. Ushahidi haukuwepo, lakini hakuna aliyetaka tena kushika upande wa pili wa shuka yake. Tahiya alikunja peke yake, pembe zikiburuzika sakafuni, akazifua shuka upya, huku wenzake wakimpa mgongo. Nyumbani alishasema wiki ikiisha harudi tena.

Bi Mwanakheri hakuwa na uhakika nani mkweli, na alimwambia hivyo mumewe. Alichokijua ni kwamba roho yake ilikuwa nzito kila akiingia kazini. Jumatatu ile akaamka mapema, akapika mkate, akaubeba na sufuria yake ungali moto. Wakati wa chai alimwekea Tahiya kisu mbele yake.

"Kata wewe, uwagawie wenzio," alimwambia. "Mie nipe cha mwisho."

Kila aliyetaka mkate ilimbidi aupokee mkononi mwa Tahiya. Wa kwanza kusogea alikuwa Bi Khamisa, ambaye ndiye aliyemsema Tahiya zaidi kuliko wote. Alipokea kipande, akatafuna.

"Ahsante, Tahiya," akasema. "Kesho nnakuja na kashata mie."

Mchana ule Bi Khamisa alishika upande wa pili wa shuka. Tahiya hakuacha kazi. Zile shuka zilizopotea zilikuja kuonekana miezi baadaye, zimehifadhiwa kimakosa kwenye kabati la wodi nyengine, lakini wakati huo hakuna aliyekuwa bado akizitafuta. Tangu hapo Jumatatu ikawa siku ya kitu kitamu, kila mtu kwa zamu yake: visheti, kaimati, halua ya sikukuu. Watu waliokuwa wakiomba uhamisho wakaacha kuomba.

Mwaka 2013 Bi Mwanakheri aligundulika na kisukari. Daktari alimkataza vitamu, naye akatii, ila kupika hakuacha. Alikuwa akimpa Tahiya aonje, kisha anamtazama usoni, na uso ule ukimtosha. Wenzake nao wakajifunza kumpikia viazi vitamu vya kuchemsha ili zamu ya Jumatatu isimpite. Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alihudumiwa hospitali, kisha akaomba arejeshwe nyumbani kwake, mtaa wa Amani. Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, mumewe akiwa amemshika mkono, na alasiri akazikwa Makunduchi, karibu na wazazi wake. Hakulalamika. Siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama wageni wameshakula.

Marehemu ameacha mume, Bwana Hafiz, watoto watatu, Munir, Khairiya na Abdulwahid, wajukuu saba, na dada yake, Bi Salhiya. Wenzake wa chumba cha dobi waliomba watajwe baada ya watoto. Watoto wakasema hapana, watajwe pamoja nao.

Mola amsamehe alipoteleza, amlipe kwa kila alichogawa, na ampe makao yaliyo bora kuliko haya aliyotuachia. Bi Mwanakheri apumzike kwa amani.