Kelele za Enid

Nyamazeni, wanangu, na wewe Gareth weka hiyo bisibisi mezani kabla sijakuchapa na mkongojo wangu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kugombana.

Nyumba hii ya Kilburn mgawane sawa, sina neno. Ninachokisemea ni kompyuta hii ya mfukoni ya baba yenu. Yeye Cedric na wenzake sita waliutunga mfumo wa kuiendesha wakiwa juu ya duka la mazulia, miaka ambayo kompyuta za wengine zilijaza meza nzima. Mimi niliyeishia shule ya msingi waliniajiri nijaribu kuiharibu. "Enid akishindwa kuiua, hakuna atakayeiua," wakacheka. Siku ya tatu nikatoa betri zote kwa pamoja, kubwa mbili na ile ndogo kama kitufe, nizifute vumbi. Kazi ya mwezi mzima ikayeyuka, kwa sababu mabingwa hao waliweka kila kitu kwenye kumbukumbu inayoishi kwa betri tu! Baada ya siku tano Cedric akaandika onyo ndani ya mfumo: usitoe zote pamoja. Ofisini wakaliita kelele za Enid.

Baadaye wenye kampuni za simu wakauchukua mfumo wenyewe, wakaurembaremba, wakafuta majina ya walioutunga, wakautumia miaka michache, wakautupa. Ule wa kwanza, wenye majina yote saba, umebaki humu tu. Alhamisi anakuja mtu wa makumbusho kuunakili. Na wewe Gareth, fundi mzima mwenye cheti ukutani, unataka kutoa betri zote eti zisivuje! Betri zinakaribia kuisha, onyo linawaka tangu asubuhi, unalifuta kwa kidole kama unafukuza nzi. "Mama, ni kelele tu." Ndiyo, ni kelele, na ni zangu!

Kompyuta ni ya Hilary, kwa sababu yeye husoma kilichoandikwa kabla ya kubonyeza. Usininunie, Gareth, wewe chukua gari.

Hilary, sogea hapa, niione. Tia betri mpya: ndogo kwanza, kubwa zikiwa bado ndani. Taratibu, binti yangu. Imekaa? Haya, sasa... hizo kubwa. Usinitazame mimi, tazama kioo. Kimewaka?

Mungu awatunze nyote... hata huyu mbishi. Nisomee hayo majina, mwanangu. Yote. Mimi nafumba macho tu... ninasikia.