Pale pa muluzi

Katika bisi niliyopanda kutoka Katuba, redio ya dereva ilianza wimbo wa roki wa zamani, ule ambao wakubwa wa siku zile walifunika neno moja kwa mluzi. Leo mluzi haukulia. Mwimbaji alilitaja wazi neno lile, mkurugenzi kwa Kifaransa: "Directeur ni mwizi!"

"Enfin!" kijana mmoja akapiga makofi, kama mtu aliyengoja kwa muda mrefu. "Ba studio barudisha neno yenyewe."

Mama aliyepakata samaki kavu wa Pweto akamgeukia. "Directeur gani, mutoto yangu? Ule alikufaka zamani. Sisi, pale pa muluzi, kila muntu alikuwa anatia jina ya chef yake wa kazi. Mi nilikuwa natia ya mama mukwe." Alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayejua mama mkwe hapandi bisi.

"Mama, ile ilikuwa censure, kukataza bantu kusema!" kijana akasema.

"Iko hivyo. Lakini mu ile muluzi tulienea bote, kila muntu alipata nafasi. Mu neno yenu munaenea muntu mumoja tu."

"Kweli iko kweli, mama!" kijana akashikilia.

Walikuwa bado wanabishana bisi iliposimama mbele ya ofisi yetu. Nilishuka nikiimba, na nilipofika pale pa neno lile nikapiga mluzi. Chef wangu, aliyesimama mlangoni, akatabasamu: "Ile mwimbo iko muzuri sana."