Sura ya Lukas wa Kibara

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, epua kwanza. Leo tunamkumbuka Mama Lukas. Jina lake la ubatizo ni Hyasinta Nyamburi, wa Kibara, wilaya ya Bunda. Tumemzika Jumamosi.

Mtasikia alikuwa miongoni mwa waliojitolea kuziokoa picha za zamani za mkoa wetu. Ni kweli. Lakini hakwenda kule kuokoa historia. Alikwenda kutafuta picha moja. Picha ya mwanawe.

Turudi mwaka themanini na tatu. Mliokuwepo mnaukumbuka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana. Mzee Kasmiri, mpiga picha wa Musoma, alifika Kibara na kamera shingoni. Mama Lukas akaazima shati kwa jirani, akamvalisha Lukas, miaka sita. Flashi ikawaka. Kasmiri akaondoka na malipo yake, fungu la samaki wakavu, sato. Oktoba ikaingia surua, ikamchukua Lukas. Picha nyingine hakuwa nayo. Narudia, picha nyingine hakuwa nayo.

Kila Mama Lukas alipoifuatilia Musoma, Kasmiri alimwambia, "Negativu ipo, Mama Lukas. Karatasi ya kusafishia picha ndiyo hakuna." Baadaye biashara ikaruhusiwa, maduka yakajaa, karatasi zikawepo. Jibu likabadilika: "Imechanganyika na nyingine. Subiri kidogo." Subira huvuta heri, tunasema. Hii ilivuta miaka kumi na tisa.

Mwaka elfu mbili na mbili, masanduku ya Kasmiri yalipelekwa Buhare, palepale Musoma, kwenye ukumbi wa kanisa, picha ziingizwe kwenye kompyuta. Negativu elfu kumi na moja, nyingine zimegandana kwa unyevu. Wakaombwa watu wa kujitolea. Mama Lukas alifika wa kwanza. Akapewa kitambaa laini, afute vumbi kabla negativu haijapita kwenye skana. Kwenye negativu cheupe huwa cheusi, lakini baada ya wiki mbili alikuwa anazisoma: hii harusi, hii kipaimara, hili jeneza. Saa nne alimpelekea Kasmiri chai, maana mzee alikaa palepale akitaja majina ya watu.

Na mzee alikuwa anajua. Aliinywa ile chai huku anajua! Mwaka ule wa themanini na tatu kamera yake haikuwa na filamu. Alizunguka Kibara nzima akiwasha flashi tupu, watu wanatabasamu, yeye anakusanya samaki.

Likabaki sanduku moja. Kasmiri akaona aibu inamjia mlangoni. Akachomoa negativu ya mtoto fulani, ukungu umekula nusu ya uso, akasema, "Mama Lukas, huyu hapa."

Dorotea, binti aliyezaliwa baada ya msiba ule, alikuwepo. Anasema: "Mama aliiangalia kwenye kompyuta muda mrefu. Akaniambia, 'Nilikuwaga nimeanza kuisahau sura yake, naogopa kusema. Kumbe alikuwa hivi.' Zamani alikuwaga anasema Lukas alichukua masikio ya baba. Tangu siku ile hakusema tena."

Picha ikatiwa fremu. Kila mgeni alionyeshwa. Jumamosi tulimzika nayo kifuani, kama alivyoomba. Kasmiri alikuwepo, naye akatupia udongo kaburini. Kaburi lilipokwisha ndipo akamvuta Dorotea pembeni.

"Yule siyo Lukas. Siku ile Kibara kamera haikuwa na filamu. Ni mtoto wa Magige wa Bunda mjini. Yuko hai, anauza vipuri vya baiskeli. Nilimwonea huruma mama yako."

Dorotea akamjibu, "Usiiite huruma, mzee. Kukosa filamu ningekusamehe. Ungemwachia hata yale masikio."

Ni Dorotea aliyetaka haya yasemwe hewani. Tunampa pole yeye na ukoo wote wa Kibara. Mungu ampumzishe Mama Lukas. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu umemficha ukweli ukijiambia unamhurumia, mwendee leo, angali hai. Atakulaani. Mwache akulaani.

Tulitaka kumkumbuka na Lukas mwenyewe. Jana tumepita Kibara tukiwauliza watu alikuwa na sura gani. Kila tuliyemuuliza alituelezea yule wa kwenye picha.