Maneno 1,146 ya Mwalimu Sangwan

Mwalimu Sangwan Thiamkaeo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 wilayani Ban Lat, mkoa wa Phetchaburi, mtoto wa kwanza wa mgema Phuak na Bi. Thongyoi. Mimi ninayesoma, Chaluai, ni mdogo wake. Baba aligema utomvu wa minazi-mwitu iitwayo mivumo, mama aliuchemsha uwe sukari, na dada aliwasomea wapikaji mashairi ya kale wasije wakasinzia, sukari ikaungua. Iliungua mara mbili, kwa sababu walinogewa.

Alisoma shule ya msingi hekaluni, sekondari ya wasichana mjini, na mwaka 1973 alihitimu fasihi chuo kikuu, Bangkok. Alifundisha Kithai kwa miaka thelathini na minane. Mwaka 1977 aliolewa na Bunlue, fundi wa reli, mtu ambaye hajawahi kumaliza shairi lolote. Walijaliwa binti mmoja, Rachawadi.

Mwaka 2004 mwanafunzi mmoja wa kike alimwuliza, "Mwalimu, hawa washairi wana maneno mangapi ya kumwita mwanamke? Mara ua, mara mwezi, mara dhahabu!" Dada akaamua kuyahesabu. Alinunua kompyuta, akajifunza kuitumia, akaanza kuandika kila neno daftarini na kuliingiza humo: limo katika shairi gani, nani anamwita nani, anabembeleza au anafukuza. Aliyapanga mafungu, akayapangua, akayapanga upya. Aliyakusanya 1,146. Yale ambayo wanawake walijiita wenyewe yalikuwa thelathini na moja tu, na hayo ndiyo aliyoyapenda.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Nilimgombeza aiache kompyuta apumzike. Akaniambia, "We Chaluai, nikipumzika nani atapanga? Kwa desturi yetu wageni wa msiba lazima wapewe kitabu cha kumbukumbu. Sasa msije mkawapa mapishi ya mchuzi kama msiba wa shangazi! Wapeni maneno yangu. Na yasipokamilika, msiuchome mwili wangu." Najuta kumgombeza. Alifariki tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi, yakiwa yamebaki maneno 212 bila fungu.

Wengi huchomwa baada ya siku saba. Sisi tuliwaomba watawa watutunzie jeneza siku mia. Rachawadi alikaa kwenye kompyuta, na shemeji Bunlue akamsomea madaftari ya mkewe kwa sauti, pale barazani: "Ewe ua la mbinguni! Ewe uso wa mwezi!"

Jirani yetu, Bi. Samniang, akapaza sauti, "Mzee, huna haya! Mkeo hajachomwa, ushaanza kuita warembo?"

"Namwita huyohuyo," shemeji akajibu. "Tangu tupate mtoto nimemwita 'mama Rachawadi' tu. Hayo mengine sikuyajua."

Akafuta miwani, akasoma neno lililofuata. Walimaliza tarehe 28 Aprili.

Marehemu ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na mimi. Kitabu mlichopewa mlangoni kina maneno yote.

Dada, tumemaliza. Sasa tunaweza kuwasha moto. Pumzika kwa amani.